Mayai ya Buibui Mgongoni kwa Mama Mkwe

Mume wangu alipopunguzwa kazini, wenzake walianza kuuza mitumba, mkate na vipuri vya baiskeli. Yeye alileta nyumbani buibui. Si hawa wanaotanda kwenye kona za dari, bali wale wakubwa wa mashimoni, wenye manyoya, mmoja anajaa kiganja cha mtu mzima. Aliwachimbua Hombolo akawapanga sebuleni kwetu, mtaa wa Kikuyu, Dodoma, kila mmoja na ndoo yake ya plastiki, kwa sababu ukiwalaza wawili, asubuhi anaamka mmoja. Kulikuwa na mnunuzi aliyewapeleka Ulaya, naye hakutaka wazee wa porini. Alitaka watoto waliozaliwa nyumbani. Mume wangu alisema hiyo ndiyo biashara huria. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini nilinogewa upesi mno. Buibui dume, akienda kuposa, hupiga hodi. Anagonga chini kwa miguu, anatulia, anasikiliza, anagonga tena, na jike asipompenda anamla. Mume wangu alisimama na mwiko tayari kuamulia, nami nimepanda juu ya kochi, kanga nimeikunja magotini, nikimshangilia yule bwana harusi kama vile mahari nimemtolea mimi.

Jike wa kwanza alifuma kifuko cheupe cha mayai, na mtaani ikajulikana kwamba kwetu kuna mzazi. Basi, mzazi kwetu haachwi bila kujuliwa hali. Wanawake walikuja kumpongeza, mmoja akabeba na chupa ya uji kwa utani, akaishia kuunywa mwenyewe. Kila aliyeingia alitaka kifuniko kifunuliwe amwone mama na mtoto, na sisi, kwa adabu, tulifunua. Kesho yake kifuko hakikuwepo. Buibui akisumbuliwa hula mayai yake, na huyu alikuwa amepokea wageni kutwa nzima.

Habari zilifika hadi Mpwapwa, na mama mkwe akaja na kuku na kiroba cha karanga. Nilimpokea mzigo, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye ndoo. Alikuwa amekuja kumchukua mwanawe. Baba yake alishamtengea shamba, na ng'ombe walihitaji mtu. Mume wangu akamwambia jike wa pili naye ametaga. Mayai yakitotolewa tutabaki Dodoma, yakiharibika tutafunga virago twende naye. Wakakubaliana hapo hapo mbele yangu, mimi sijaulizwa. Mpwapwa naipenda, ila kwa kutembea tu. Kikuyu nilikuwa na mlango wangu, jiko langu na mashoga zangu wa bombani, na kuvipoteza kulinitia hofu ya kweli.

Safari hii mume wangu alimnyang'anya jike kile kifuko. Alikilaza kwenye chupa ya jemu, juu ya kipande cha soksi yangu kilichoning'inizwa kama machela, chini yake pamba yenye maji, na kifuniko akakitoboa. Mayai yalitaka joto, na kugeuzwa polepole mara kwa mara, jinsi mama yao anavyofanya. Ila ulikuwa msimu wa kipupwe, na upepo wa Dodoma hauulizi mlango uko wapi. Aliweka chemli karibu, chupa ikachemka. Aliondoa chemli, chupa ikapoa. Alihangaika nayo hivyo mpaka mama mkwe akainuka kwenye mkeka.

"Lete hapa," alisema. "Mnawakaanga kama karanga. Mtoto hupata joto mgongoni."

Akaizungushia chupa kitenge, akaibeba mgongoni, akavaa sweta juu yake. Tangu hapo alifagia nayo, alipika nayo, alikwenda nayo kanisani. Akiinama, kifuko kinabingirika taratibu upande huu, akiinuka, kinarudi. Mume wangu akabaki hana kazi. Majirani walipouliza kabeba nini, mama mkwe alijibu wajukuu. Kila asubuhi kabla ya kuwafunga aliwaamkia "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo ya watu wengi, nami nilikuwa natoka nje nikachekee uani. Hata hivyo sikumwamini. Kubaki kwetu kulikuwa mgongoni kwa mtu aliyetaka tuondoke, na kila alipofungua kile kitenge nilisogea nichungulie chupa.

Wajukuu walitoka mayaini tukiwa bombani. Foleni ilikuwa ndefu, na mwanamke mmoja mgeni akaomba amwone mjukuu. Mama mkwe akafungua, akainua chupa juani. Ndani, yale mayai madogo kama ulezi yalikuwa yameota miguu na yanakimbia. Sijapata kuona foleni ikiisha vile: ndoo zikabaki, kandambili zikabaki, bomba lote likawa langu. Nilikinga maji huku nacheka, nikayamwagia miguu yangu na ya mama mkwe, naye akacheka mpaka akashika nguzo. Nyumbani mume wangu alimnyanyua mama yake juujuu, na chupa yake mkononi.

Kesho yake mama mkwe alifunga mzigo mmoja tu, wake. Nilimsindikiza stendi, na kwa kuwa furaha ilinilegeza ulimi, nikamuuliza kwa nini hakuwaacha tu wapoe.

"Nilijaribu, mwanangu," alisema. "Siku moja uliyokwenda sokoni niliwaweka mezani, nikasema sasa mwanangu atarudi nyumbani. Nikajipakulia chakula. Nikashindwa kumeza."

Basi likapiga honi. Nilimkumbatia, mkono wangu ukapita mgongoni, na kile kitenge kilikuwa bado kimefungwa, hakina kitu. Alikuwa amekifunga asubuhi kwa mazoea. Nikamfungulia fundo, nikakikunja, nikamwekea kwenye kikapu.