Wa Shimoni na Wa Mbio

Ninyi vijana mtakaosoma haya, ketini kwanza. Harufu ya saruji mbichi imeninyima raha. Mwanangu anataka kusakafia uwanja wote wa kuanikia kahawa hapa Maruku, na mimi kichwa kimenirudisha Ijumbi, nilikozaliwa.

Shangazi Koku alikuwa anaolewa. Kwetu bibi harusi aliketi amefunikwa, kimya, juu ya nyasi mpya, na pembeni yake kasichana ka kumsindikiza, kasikoruhusiwa hata kujikuna. Nilikitaka kile kiti cha nyasi kuliko chakula. Lakini miguu yangu haikujua kutulia! Mama akasema, "Huyu? Atafukuza kuku mbele ya wakwe. Tafuteni mwingine."

Bibi akanishika sikio mpaka uwanjani, penye udongo mtupu. Hapo alikuwapo mbawakawa wa kijani kinachong'aa, madoa ya manjano mgongoni, miguu myembamba kama nyuzi, meno yamepishana kama mkasi. Anakimbia, anasimama ghafla, anakimbia tena. Ukimsogelea anaruka, anatua mbele yako, anakugeukia.

"Huyu ndiye wewe," bibi akasema. Akanionyesha tundu dogo la mviringo. "Sasa mngoje wa humu. Ukimwona anakula, utakwenda kumsindikiza shangazi yako."

Nikachuchumaa. Jua likachoma, shingo ikawasha. Nikitikisika, kichwa cha yule wa tunduni kinazama. Nikitulia kinapanda, bapa, kinaziba tundu kama kizibo cha kibuyu. Mwishowe sisimizi akapita juu. Kap! Akavutwa ndani.

"Mawe! Mama yangu, amekula!"

"Kelele hizo zimalizie hapa hapa," bibi akasema.

Nilikwenda, nikaketi. Shangazi akanifinya chini ya kitambaa, nami nikamfinya. Hakuna aliyejua.

Miaka yote nilidhani ni wadudu wawili, mvivu na mwendawazimu. Nilikuwa mama wa watoto jembe langu lilipofumua tundu moja: ndani mbawakawa laini, mweupe, kijani kikianza kumwingia. Kumbe wa shimoni ni mtoto wa yule wa mbio! Bibi hakutaka kunifunga miguu. Alitaka nijue kungoja kwanza, mbio zingekuja zenyewe.

Na udongo ukifunikwa wote, atatokea wapi? Jana nilikuta saruji imeshachanganywa. Nikachora mstari kwa fimbo. "Inaishia hapa. Upande huu mtu asimwage kitu, asitandaze nyasi. Na mtoto akichuchumaa hapo, asiitwe."