Jino la Kuonekana

Baba alichonga twiga na vifaru maisha yake yote, na hakuna kitu alichokiamini kama skrubu. Kwa hiyo daktari wa meno kule Eastleigh alipomweleza kwamba atang'oa jino lake la mbele lililopasuka mzizi, akaze skrubu ya chuma kwenye taya papo hapo, kisha aivishe jino la bandia siku ileile, baba aliitikia kama fundi anayemsikiliza fundi mwenzake.

Haraka ilikuwa ya ntheo. Watu wa mchumba wangu walikuwa wanaleta mbuzi, na bila mbuzi hao kwetu Ukambani hujaolewa, hata mchungaji akufungishe ndoa mara mbili. Baba ndiye angenisemea, na hakutaka kunisemea akiwa na pengo.

"Mzee, hili ni la kuonekana, si la kutafunia," daktari alimwambia. "Mfupa bado haujaishika skrubu. Itachukua miezi. Kula uji, viazi, vitu laini."

"Nimesikia, daktari."

Alisikia, lakini tulipofika nyumbani Kaloleni akaniambia, "Mama," maana nina jina la mama yake, "skrubu hukaza siku unayoikaza. Ikilegea, fundi alikosea."

Kwa mbao ni kweli. Mfupa nao hulegea kidogo unapopona, ndipo ushike, na ukiutikisa katikati hapo haushiki tena. Hayo niliyajua baadaye, yakiwa hayanifai kitu.

Siku ya ntheo baba alizungumza jamani! Wakwe walicheka mpaka wakafuta machozi. Kisha wakamkatia ubavu wa mbuzi wa kuchoma, na mwenye binti akikataa nyama ya wakwe amewakataa wakwe wenyewe. Aliuma kwa meno ya mbele, akavuta. Nyama ile ingekatwa vipande vidogo tu na mambo yangeisha. Lakini nani angemkatia mzee nyama kama mtoto mbele ya wakwe? Bado nakasirika nikikumbuka.

Jino likaanza kucheza, naye hakumwambia mtu. Nilihamia Tassia kwa mume wangu, na kila nikipiga simu baba aliniambia liko imara kama nguzo. Kumbe alikuwa akiligandisha na meno ya kando yake kwa gundi yake ya kazini. Nilipomtembelea na kusikia harufu ya usaha, nilimkokota hadi kliniki huku akinung'unika. Daktari aliitoa skrubu kwa vidole viwili, bila kutumia nguvu.

"Wako wagonjwa wangu waliokaa na meno kama haya miaka mingi," alisema, na hakuwa anamlaumu mtu. "Hapa mfupa umeliwa. Sina pa kukazia lingine."

Meno mawili ya kando yake yakafuata. Meno ya bandia ya kuvaa aliyopewa nayo yalimdondoka kila alipofungua kinywa, kwa sababu ufizi ulikuwa umebonyea. Baba akazoea kuziba mdomo kwa kiganja, akaacha kwenda kanisani.

Mume wangu alipoanza kunipiga, wazee wa pande zote mbili walikuja kuketi sebuleni kwetu. Kwa desturi, neno la baba ndilo lingenitoa katika nyumba ile. Alikuwa ameniahidi kwa simu kwamba atasema nirudi kwake, mbuzi wao wakitaka wachukue.

Wakamuuliza. Akaondoa kiganja, akaanza kusema, maneno yakatoka na upepo na mate, na mtu mmoja wa upande wa mume wangu akacheka. Baba akarudisha kiganja mdomoni. Walimngoja. Mdogo wake, aliyekuwa na haraka ya kwenda, akamjibia: binti avumilie, mambo ya nyumba hayakosi.

Nilimtazama baba, nikingoja akanushe. Alitazama sakafu, machozi yakipita katikati ya vidole vyake, na wazee wakaomba sala ya kufunga.