Kiti cha Abiria katika Lori la Ezekia

Siku yangu ya kwanza karakana, Kapteni aliyekuwa Mkuu wa Karakana alinikabidhi msasa na kipande cha mninga. "Tengeneza lori," akasema. Nikacheka moyoni: nimeacha kahawa ya baba kijijini Ihanda nije jeshini kuchonga midoli? Kumbe midoli ile ndiyo iliyotumika kufundishia maofisa. Iliwekwa kwenye meza ya mchanga, yaani milima na mito iliyofinyangwa kwa mchanga, wakajifunza kupitisha msafara kabla hawajaenda wenyewe.

Kapteni hakuwa na mchezo. Milango lazima ifunguke, vitasa vishike. Lakini nilipochonga dereva, alimng'oa akamtia motoni. "Humu hatuweki mtu. Ukiweka mtu, atataka safari." Tulimcheka chinichini, mzee wa watu.

Mdogo wangu Ezekia alikuwa dereva kikosi hicho hicho. Masika moja alitumwa kupeleka mahema bonde la Momba. "Kaka, panda twende, kiti cha abiria kitupu," akaniambia. Niliomba ruhusa, Kapteni akakataa. Kulikuwa na kazi mezani. Mto ukalizoa lori. Lori lilipatikana, Ezekia hakuonekana. Ihanda tulizika koti lake tu, na hata leo naumia.

Nilipostaafu nilijenga hapa Chapwa. Malori ya kwenda Zambia yananguruma kwenye foleni kutwa, mikono ikaanza kuniwasha. Nikaanza lori la Ezekia kwa kipimo cha moja kwa nne: mita moja ya lori la kweli, kwangu robo mita. Likajaa sebule, mke wangu akanuna. Bodi nilikata kwenye madebe, matairi nikayachonga kwa kandambili. Kisha, kwa uchungu tu, nikachonga na dereva. Jamani! Alitoka Ezekia mwenyewe, mpaka lile sikio lake lenye pengo.

Kesho yake asubuhi mlango wa dereva ulikuwa wazi. Nikaufunga. Kesho yake tena, wazi. Nikakaza kitasa kwa waya. Asubuhi nikaukuta waya umekunjwa vizuri, umewekwa juu ya kiti cha abiria. Mlango ule nimeutengeneza mimi, kwa hiyo msinieleze habari za upepo.

Nikamwita shemeji, mjane wa Ezekia, aje kutoka Ihanda. Alipoliona lori alijishika kifua.

"Shemeji, huyu anataka kushuka. Miaka yote hii bado yuko njiani?"

Akamtoa taratibu, akamfunga kwenye kanga yake. Tulimzika pale palipo na koti. Shemeji alilia kama vile msiba ni wa jana, nami nilishukuru, maana mdogo wangu alikuwa amefika nyumbani.

Vijana mnaniuliza kama ustaafu una raha. Upo utulivu, sikatai. Lori bado liko sebuleni, nalifuta vumbi kila Jumapili, na mlango wa dereva haujafunguka tena. Leo asubuhi nimeukuta wazi ule wa abiria.