Bastola Mkononi mwa Mama Mkwe

Mke wangu aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni mwa jiko la mama yake, mikono imejaa unga, akasema, "Baba watoto, njoo. Njoo taratibu."

Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa nyumba, kivulini, mahali pa mkwe. Pale Kisanga wakati ule mwanamume hakuingia jikoni kwa mama mkwe wake, hakula naye, hakumtazama usoni. Tangu nimwoe binti yake, yule mama nilimwamkia kwa kuchutama mbali, macho chini, naye akaitikia marahaba huku amegeuka. Neno lolote alilotaka kuniambia lilipitia kwa binti yake, hata kama mimi mwenyewe nalisikia. "Mwambie mumeo maji ya kuoga yapo." Nami najibu, "Mwambie mama nashukuru." Tulikuwa tumezoea hivyo, na tuliheshimiana sana.

Tulikuwa tumetoka Kilosa, ambako nilikuwa fundi kwenye karakana ya reli, kuja kumsaidia kuhama. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na watu wa kitongoji chake walitakiwa wahamie kijiji kipya kando ya barabara. Majirani walikuwa wanaezua nyumba, milango imeegeshwa kwenye migomba, kuku wamefungwa miguu. Mjumbe wa nyumba kumi alikwisha kupita akitangaza kwamba kila mwenye silaha aipeleke polisi Mikumi kabla ya kuhama.

Mama mkwe alikuwa nayo moja. Marehemu mumewe alikuwa mlinzi wa shamba la mkonge, na meneja wa Kizungu alipoondoka baada ya Uhuru alimwachia bastola yake. Mzee aliitumia kufukuza fisi zizini. Alipofariki, bastola ilibaki imeviringishwa kwenye kitambaa juu ya dari ya jikoni, na risasi zake ndani. Mimi nilisikia tu kwamba ipo.

Nilipofika mlangoni nikasita. Mke wangu akanishika mkono akanivuta ndani.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga. Bastola ameishika kwa mikono miwili, imelala juu ya magoti yake, mdomo wake umeelekea ukutani. Nje ya ukuta ule wanawake wa jirani walikuwa wanatwanga mahindi ya safari. Kila kinu kilipopigwa tulikisikia kama kimo humo humo ndani. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimekandamiza nyundo ya bastola nyuma, na kilikuwa kinatetemeka.

"Mwambie mumeo," alisema, macho yake kwenye bastola, "nilitaka kuzitoa risasi kama alivyokuwa akizitoa baba yako. Imekwama."

"Mwambie mama asiiachie," nikasema.

"Siiachii," alijibu mwenyewe kabla binti yake hajafungua kinywa.

Bastola ile ilikuwa ya aina ya zamani, yenye silinda inayozunguka. Huwezi kuvuta kifyatulio tu ikalia. Lazima kwanza uivute nyundo kwa kidole gumba, na kila unapoivuta, silinda huzunguka kuleta risasi nyingine mbele ya nyundo. Ukitaka kuzitoa risasi, nyundo unaivuta nusu tu. Hapo hulia tak, hujishika yenyewe, na silinda huwa huru kuzungushwa kwa mkono. Niliyajua hayo kwa sababu mlinzi mmoja wa karakana alikuwa na bastola ya namna hiyo, nami niliwahi kumfungulia skrubu iliyoshika kutu.

Hii ya mama haikujishika kwenye nusu. Wala haikuendelea nyuma hadi mwisho. Silinda ilizunguka kidogo ikagoma, na sasa kitu pekee kilichozuia nyundo isirudi mbele kwa nguvu ya springi kilikuwa kidole cha mwanamke mtu mzima, ambacho tangu asubuhi kilikuwa kinapepeta na kusuka mikeka.

"Mwambie mama aelekeze mdomo chini, kwenye udongo. Polepole."

Aliinamisha. Jasho lilikuwa linamtiririka shavuni. Nikapiga magoti mbele yake, karibu kuliko nilivyowahi kuwa, nikachungulia. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba jino la ndani linaloshika nyundo limelika. Kama ni hivyo, hakukuwa na namna ila kuishusha nyundo mbele taratibu, na sikujua itatua juu ya nini. Silinda ilikuwa imesimama katikati ya tundu moja na jingine. Huenda nyundo ingegonga chuma kitupu, huenda ingegonga kitako cha risasi.

"Hodi hapa!" Ilikuwa sauti ya mjumbe, uani. "Mama, ule mzigo wa kupeleka Mikumi uko tayari?"

Mjumbe alikuwa mtu wa kuingia popote, na jiko halikuwa na mlango wa kufunga. Nikamtazama mke wangu. Akajifuta unga, akatoka.

"Karibu, shikamoo. Mama anaoga."

"Marahaba. Anaoga saa hizi?"

"Ana safari."

Walizungumza, sikusikia yote. Nilikuwa nakitazama kile kidole gumba. Ukucha ulikuwa umekuwa mweupe, na nyundo ilikuwa imeanza kusogea mbele kidogo kidogo. Mtu wa kupitishia maneno hakuwepo.

"Mama," nikasema. "Nisamehe. Inabidi niweke kidole changu juu ya chako."

Kwa mara ya kwanza alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, au kwa hofu. "Weka," alisema.

Nikaweka kidole gumba changu juu ya chake, nikakandamiza. Mkono wake ulikuwa wa baridi, pamoja na moto wote ule pembeni. Hapo ndipo, nikiwa nimeinama hivyo, nilipoona kilichokuwa kimefichwa na pindo la kanga yake: kidole chake cha shahada kilikuwa ndani, kimekibana kifyatulio kwa nguvu zake zote.

Jino halikuwa limelika. Kifyatulio kikiwa kimebanwa, nyundo haina pa kujishika.

"Mama, kidole hiki hapa. Kitoe."

"Nikitoa italia."

"Haitalia. Nyundo ninayo mimi. Kitoe polepole, kisha uondoe na kile cha juu."

Alikuwa hawezi. Si kwamba hakutaka. Kidole kilikuwa kimekakamaa. Nikapenyeza mkono wa kushoto nikakikunjua mwenyewe, kama unavyomkunjulia mtoto aliyelala ameshika kitu. Akachomoa na gumba lake. Nyundo ikabaki kwangu peke yangu, na springi yake ilikuwa kali kuliko nilivyodhani. Nikairudisha mbele kiasi cha unene wa punje ya mtama. Tak. Ikajishika.

Mjumbe alikuwa ameondoka. Mke wangu akarudi akatukuta tumeshikana mikono. Nikamwomba kitambaa, nikakikunja nikakipachika mbele ya nyundo, maana jino lile bado sikuliamini. Ndipo nikaichukua bastola kutoka kwa mama, naye akainuka akasimama ukutani, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani.

Lakini silinda haikutaka kuzunguka. Nikaigeuza mbele ya mwanga wa mlangoni, nikaona. Risasi moja, upande wa kushoto, kichwa chake kilikuwa kimejitokeza nje ya tundu kiasi cha ukucha, nacho ndicho kilichokwaa kwenye fremu ya bastola. Risasi zilikuwa kuukuu, maganda yameota ukijani, na kile kichwa kilikuwa kimelegea kwenye ganda lake. Nikairudisha silinda nyuma kidogo ilipokubali, nikapata nafasi. Dawa ilikuwa kukisukuma kichwa kirudi ndani, na kukisukuma maana yake mkono uwe mbele ya risasi.

"Nipe mwiko," nikasema.

"Nitasukuma mimi," mke wangu akasema.

"Nipe mwiko, kaa nyuma yangu."

Nikatumia ncha ya mpini. Mara ya kwanza uliteleza ukagonga chuma, na mama akatoa sauti ndogo kooni. Nikaufuta jasho. Nikasukuma tena bila kugonga, kwa uzito wa bega tu, hadi nikasikia kichwa kinakwaruza kikiingia. Silinda ikazunguka.

Nikafungua kilango cha pembeni, nikainua mdomo juu, risasi zikaanza kuanguka moja moja kwenye ungo alioushika mke wangu. Ile mbovu ilikuwa ya mwisho, nayo ikatoka. Nikachungulia kila tundu, nikachungulia tena, ndipo nikaishusha nyundo. Nikakaa sakafuni jikoni kwa mama mkwe wangu kama mtu wa nyumbani.

"Mwanangu," alisema mama, na sikujua anamwambia nani kati yetu, "haya yaishie humu humu."

Jioni mke wangu alimsugua kidole kwa mafuta ya nazi. Kesho yake nilimwamkia kwa kuchutama mbali zaidi kuliko siku zote, naye alijifunika kanga hadi kwenye paji la uso.

Mikumi tulikwenda watatu, yeye akiwa mbele, bastola na risasi zake kwenye kikapu. Pale kituoni askari aliifungua, akaizungusha silinda, akaitazama ile risasi yenye kichwa kilichokwaruzwa. Akakunja uso.

"Hii ilikwama. Nani aliyezitoa risasi?"

Nikafungua mdomo.

"Mimi," mama mkwe akasema. "Marehemu alinifundisha."

Askari alimwangalia, akaniangalia na mimi. Nikatazama chini. "Ungejiua, mama," akasema.

"Ningejiua," alikubali. Akachukua kikapu chake kitupu, akajifunga kanga upya, akatangulia kutoka.