Kitabu kimeniacha na nusu kichwa

Watu wangu, nimetoka saluni hapa Kawangware 56 nikiwa nimesukwa upande mmoja tu.

Kosa ni langu. Nilibeba kile kitabu nawapendekezea kila siku, cha vile simu zinapea watu wachache mamlaka juu yetu. Msusi wangu, Mama Shiro, ananisuka, mimi namsomea.

Tukafika pale kinasema simu inakujua kuliko jirani yako.

Mikono ya Mama Shiro ikasimama. Akaninyang'anya kitabu.

"Lete nijisomee. Wewe unaruka kurasa."

Wateja wakasogeza viti wakaanza kubishana juu ya simu zao.

"Na nywele yangu? Kesho ni harusi ya dadangu!"

"Kuja asubuhi. Nikimaliza kitabu, namaliza kichwa."

Jameni, kitabu chenyewe ni kinene kama tofali.

Nani ako na kilemba aniazime?