Shangazi Yangu, Mke Wangu wa Bima

Nyie mnaosema mie tapeli, ngojeni kwanza! Shangazi Zuhura ndo kanilea hapa Chang'ombe, leo sukari inamtesa na dawa hazishikiki. Bima ya mtu mmoja bei juu, ya mke na mume ndo nafuu. Nikaenda kwa wakala, nikamwandikisha shangazi kuwa mke wangu.

Wakala akaitazama picha, akanitazama mie. "Braza, huyu mama ni mkeo kweli?"

Nikawaka. "Kwani mapenzi yana umri? Usimdharau mke wangu, nitakuvurugia ofisi sasa hivi!"

Jamaa akaniomba radhi mpaka nikamwonea huruma, akasema kilichobaki mke wangu aje mwenyewe aweke dole gumba.

Shangazi nilishampanga nyumbani: akiulizwa, aniite "mume wangu", basi. Akaingia ofisini anachechemea. Nikaruka toka kwenye kiti nimpishe, nikainama kwa adabu zote: "Shikamoo shangazi!"

"Marahaba mwanangu. Ushakula?"

Wakala akaweka kalamu chini taratibu.

Haya, we unayenicheka, aliyekulea akiingia mlangoni, unaweza kukaa usimwamkie?