Mkwe Asiye na Kichaka

Mume wangu Hesbon ni mtu wa kilo tisini na ushee, na tangu tuoane nimemwona akijificha nyuma ya vitu ambavyo haviwezi kuficha hata kuku. Kisa ni mama yangu. Kwetu Wabukusu, mkwe mwenye adabu hakutani ana kwa ana na mama mkwe wake, hampi mkono wala kumtazama usoni. Vijana wa siku hizi wanakata keki na mama wakwe zao na kupiga picha. Hesbon hapana. Siku moja sokoni Kitale alimwona mama mbele ya wauza nyanya, akajitupa ndani ya rundo la mitumba, akatoka baadaye jasho likimtiririka na sidiria imening'inia begani. Mama alipopata habari alisema, "Huyo ndiye mkwe." Sifa hiyo Hesbon anaitembeza kama wengine wanavyotembeza digrii.

Kazi yake ni kuongoza watu wanaopanda Mlima Elgon. Tunakaa juu ya Endebess, pale ambapo barabara ya magari inakoma na njia ya miguu inaanza: geti, choo, kibao cha kutahadharisha watu kuhusu nyati, na banda langu la chai. Zamani ukishakipita kibao, msitu ulikumeza. Kisha kiangazi kikaja na moto, ukawaka mpaka mvua iliposhuka kuuzima. Siku niliyoona mteremko umekuwa mweusi mtupu nililia, sioni aibu kusema. Wageni nao wakakoma. Nani apande gari kuja kuangalia makaa, na jikoni kwake yapo?

Mvua ilipokolea, akina mama wa kanisa la kwetu Bungoma wakaamua kuja kupanda miti. Mwenyekiti wao ni mama yangu, Nasike. Na wa kuwaongoza hakuwepo mwingine ila Hesbon, maana moto ulikuwa umefuta alama zote za njia.

"Nitatangulia mbali," akaniambia. "Nitapiga mluzi, nyinyi mfuate."

"Na ukionekana?"

"Si nitaingia kichakani."

"Kichaka gani, baba watoto?"

Akautazama mlima. Kulikuwa na visiki na majivu mpaka juu, basi. Nikamwona mume wangu ameogopa kuliko siku ile tembo alipotufukuza.

Siku yenyewe ilipofika alikwenda mbele akihama kisiki hadi kisiki, tumbo limejitokeza upande huu, makalio upande ule. Akina mama walikuwa hoi kwa kicheko. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamisha mwavuli mbele ya uso ili asimwone mkwe, na kwa hiyo haoni pia anapokanyaga. Mguu ukatumbukia kwenye shimo la mzizi ulioungua, kifundo kikateguka.

Tulikuwa na wilbaro ya kubebea miche, tukamkalisha humo. Akina mama wakaishika, na kwenye kona ya kwanza nusura wammwage korongoni. Mawingu yalikuwa yanashuka. Nikamwita Hesbon, akabaki amekikumbatia kisiki chake. Nilijua kinachomsumbua. Akisogea, adabu ya miaka yote ile imekwisha. Asiposogea, mama analowa mlimani na mguu umevimba. Nilimhurumia, halafu nikampigia kelele.

Mwishowe akakigeukia kisiki.

"Kisiki," akasema kwa sauti, "hebu mwambie huyo mama kuna mtu anakuja kinyumenyume. Afunge macho."

"Kisiki," mama akajibu chini ya mwavuli, "mwambie huyo mtu nilishafunga kitambo. Lakini aende pole pole, ati mimi si gunia ya mahindi, bana."

Wakashuka hivyo, wamegeuziana migongo, Hesbon akiivuta wilbaro kwa mikono iliyopita nyuma, mwavuli katikati yao. Kila jiwe lilileta mazungumzo. "Kisiki, mwambie aangalie mawe!" "Kisiki, mwambie nimeona!" Kisiki chenyewe tulikuwa tumekiacha huko juu.

Tulipofika kwenye kibao cha nyati, mama akaamuru wilbaro isimame. Akaomba mche mmoja wa podo na jembe. Akapiga goti kando ya njia, mguu mbovu ameunyoosha, akauchimbia shimo mwenyewe.

"Mama, si tunapanda kule juu?"

"Hao wengine wapandie serikali," akasema. "Hii ni ya mkwe yangu. Ikikuwa, apate mahali pa kujificha."

Hesbon alikuwa ametupa mgongo. Niliona mabega yake yakitikisika, na hakuwa anacheka.

Podo haina haraka ya kukua. Hesbon anaumwagilia maji mche ule, ameuzungushia miba, na mbuzi wa jirani wanamjua. Desemba mama akarudi kuutazama. Hesbon alipomwona anashuka kwenye gari, akatimua mbio mpaka kwenye mche, akachuchumaa nyuma yake, akafumba macho. Mche ulikuwa unamfika magotini.

Mama akapita karibu yake kabisa. Akasimama, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Peris," akaniuliza, "kwani leo mume yako alienda wapi?"